Kasi ya Nne

Mama mkubwa wangu alipewa jina la Bi Kwanini mara mbili, na watu wawili wasiojuana, na wote wawili walikuwa wanamdhihaki. Wa kwanza alikuwa mkuu wa shule ya wasichana alikokuwa akifagia maabara. Wa pili alikuwa meneja wa kampuni ya udobi ambako yeye, mama yangu na mimi tulifanya kazi pamoja kwa miaka sita. Mara ya pili alipolisikia alicheka, akasema, "Afadhali. Nilidhani nimelipoteza." Tangu siku hiyo akaliitikia kama jina la kuzaliwa.

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na ya kabla yangu kama alivyonisimulia mwenyewe. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akikwambia ufa una urefu wa kiganja, kapime, utakuta kiganja.

Pale shuleni alifagia maabara ya fizikia kwa miaka tisa. Mwalimu wa somo hilo, bwana mmoja mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, hakutaka vioo vilivyovunjika wala maji yaliyomwagika yakae sakafuni hata dakika moja, kwa hiyo alimruhusu mama mkubwa akae nyuma, karibu na mlango, vipindi vikiendelea. Basi mwanamke aliyeishia darasa la saba akasikia masomo yaleyale mara tisa, kila mwaka na wasichana wapya. Wao walisikia mara moja, tena wengine wakiwa wamelala.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mitetemo. Mwalimu alining'iniza jiwe la mizani kwenye springi, akalivuta chini, akaliachia. Jiwe likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Mwalimu akaeleza kwamba kadiri unavyolitoa mbali na mahali pake pa kutulia, ndivyo linavyovutwa kurudi kwa nguvu zaidi. Na likifika pale pake huwa limeshapata mbio, linapitiliza. Ulivute sana au kidogo, safari moja ya kwenda na kurudi inachukua muda uleule. Kisha akashika kichwa cha springi, akaanza kukitikisa yeye kwa mkono. Akitikisa taratibu, jiwe linaufuata mkono kama mtoto mtiifu. Akitikisa harakaharaka, jiwe linabaki palepale, halijui limfuate nani. Lakini mkono ukishika muda uleule wa jiwe, jiwe linaruka juu zaidi kila mara, zaidi na zaidi, mpaka linang'oka kwenye ndoano na kugonga meza. Kila mwaka wasichana walishtuka. Mama mkubwa hakushtuka, maana alijua litang'oka safari ya ngapi.

Mwaka wa saba mwalimu aliugua wiki nzima. Wasichana walikaa mbele ya springi zao wakizitazama kama samaki wasiyejua anavyopikwa. Mama mkubwa akaegemeza fagio ukutani, akawaonyesha. Mkuu wa shule alipopita akamkuta ameshika chaki.

"Wewe kazi yako ni fagio," mkuu akamwambia.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini fagio halizibi masikio."

"Kila kitu kwa nini, kwa nini. Bi Kwanini."

Hawakumfukuza kwa hilo. Miaka miwili baadaye shule ilikabidhi usafi kwa kampuni ya nje, na wafagiaji wote wakaambiwa asanteni. Ndipo mama yangu, ambaye alikuwa akipiga pasi pale udobini, akamwombea dada yake kazi, na mama mkubwa akaja kuendesha mashine za kufulia. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi. Nilishona vibandiko vya namba kwenye mashuka, na kutoka dirishani pangu niliweza kuona ua wote na ngazi ya kwenda juu.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, la ghorofa moja. Chini nyuma kulikuwa na mashine ndogo tatu, chini katikati chumba cha pasi chenye meza kumi na mbili, na mbele ni mapokezi. Juu kulikuwa kumejaa masanduku matupu. Meneja alipoagiza mashine kubwa ya kufua na kukamua, hakutaka kuvunja mapokezi yake mapya yenye viti vya kuzunguka. Akaamua masanduku yaondolewe na mashine iwekwe juu, juu kabisa ya chumba cha pasi. Wanaume wanane waliipandisha kwa kamba na magogo. Mama mkubwa alisimama uani akiwatazama.

"Kwa nini juu?" akauliza.

Meneja akacheka mbele ya watu, akasema huyu mama kila kitu kwa nini, tumwite Bi Kwanini. Jina likakaa. Swali likabaki bila jibu.

Mashine ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye kasi tano. Kasi ya tano ilikuwa ya mashuka. Kasi ya nne, mizunguko mia nne kwa dakika, ilikuwa ya kukamua mablanketi mazito ya hospitali, yaliyokuja kila Jumanne na Ijumaa. Ukamuaji wenyewe ulichukua dakika sita. Mama mkubwa ndiye aliyepewa kuiendesha, maana ndiye pekee aliyesoma kijitabu chake mpaka ukurasa wa mwisho.

Jumanne ya kwanza, mablanketi yalipofika kwenye kasi ya nne, sakafu ilianza kutetemeka. Haikuwa mtetemo wa kawaida wa mashine, ule unaousikia kwenye nyayo na kuuzoea. Ulianza kidogo, ukaongezeka, ukaongezeka tena, mpaka ndoo iliyokuwa pembeni ikatembea yenyewe kuelekea mlangoni. Chini, taa za chumba cha pasi zilicheza kwenye nyaya zake, na vumbi jeupe likawaangukia mama na wenzake kwenye nguo walizokwisha kuzinyoosha. Dakika sita zilipokwisha, kila kitu kikatulia kama hakijatokea kitu.

Alichokiona mama mkubwa ni kwamba kasi ya tano, ambayo ni kali zaidi, haikuleta balaa lile. Mashine ikipanda kuelekea tano, ilipita kwenye nne kwa sekunde chache. Hapo sakafu ilishtuka mara moja, kama mtu aliyeguswa begani, halafu ikatulia. Kasi ya tatu nayo haikuwa na neno. Ni nne tu, na nne yenye mablanketi.

Akaenda kwa meneja. Mlango wake ulitazamana na meza yangu, nikasikia yote.

"Bosi, naomba mablanketi tuyakamue kwa kasi ya tatu, tena muda mrefu zaidi. Nne inatikisa jengo."

"Mashine ni mpya, mama."

"Sijasema mashine ni mbovu. Mashine haina kosa. Sakafu haina kosa. Ila wamepatana vibaya. Kila kitu kinachoweza kutikisika kina hesabu yake, na nne imeangukia kwenye hesabu ya ile sakafu."

Meneja akatazama saa yake. "Kasi ya tatu itatuchelewesha. Hospitali hawasubiri. Labda wewe unapakia vibaya."

Hata hivyo alimwita injinia wa waliotuuzia mashine. Injinia alikuja siku ya Alhamisi, siku isiyo na mablanketi, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, nadhani si na sisi. Akaiendesha mashine tupu. Akaweka glasi ya maji juu yake, akaiwasha kwa kasi ya kwanza, kisha moja kwa moja mpaka ya tano. Maji hayakumwagika.

"Iendeshe kwa nne, tena ukiwa umeweka mzigo mbichi," mama mkubwa akamwambia.

"Mama yangu, ikivumilia tano, nne ni kitu gani? Ni hesabu rahisi."

"Ni rahisi, ila siyo hiyo."

Injinia akaandika kwamba mashine haina tatizo na kwamba mwendeshaji anarundika nguo upande mmoja. Kesho yake meneja akamwita mama mkubwa na kumpa barua ya onyo aitie sahihi. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, vidole vikiwa vizito.

Aliisoma yote, polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha akairudisha mezani.

"Sitii."

"Ni utaratibu tu, mama. Kila anayepewa onyo anatia sahihi."

"Nikitia sahihi hapa nimekubali kwamba mkono wangu ndio unaotikisa nyumba. Mkono wangu hautikisi nyumba. Kwanza kama ungekuwa na nguvu hizo, nisingekuwa hapa."

Barua ikawekwa kwenye faili bila sahihi, na mama mkubwa akashushwa chumba cha pasi, meza ya tano, karibu na ya mama yangu. Kijana mmoja mpole ndiye aliyepelekwa juu badala yake. Alifanya alivyoagizwa, na sikumlaumu. Meneja alidhani amemwadhibu. Kumbe amemweka mahali pazuri pa kuona, chini kabisa ya boriti.

Boriti hiyo ilipita katikati ya dari ya chumba cha pasi. Pale ilipoingia ukutani palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Mama mkubwa alichukua penseli yangu, akapanda juu ya kiti, akachora mstari mdogo mwisho wa ufa na kuandika siku kando yake. Wiki iliyofuata akachora mwingine. Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umevuka vidole vinne na kuelekea dirishani.

Ijumaa ya wiki hiyo ya tatu, mashine ilipofika kwenye nne, aliweka pasi yake wima, akaizima, akatoka nje. Akasimama uani, kwenye jua, mikono nyuma. Dakika sita zilipokwisha akarudi, akawasha pasi, akaendelea na kola ya shati aliyoiacha. Safari ya pili ya mablanketi akafanya vilevile. Msimamizi akamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Ninatoka chini ya boriti. Ikitulia nitarudi."

Jioni nyumbani mama yangu hakula. Tulikuwa tunaishi nyumba moja, sote watatu, na jikoni hakukuwa na pa kujificha.

"Dada, unatutafutia nini?" mama akasema. "Utafukuzwa, na mimi niliyekuleta nitakufuata, na huyu mtoto naye. Sote watatu tutakuwa tunatazamana."

"Nikifukuzwa nitatafuta kazi nyingine. Nilishawahi kutafuta."

"Mimi nimekaa pale miaka kumi na minne. Jengo halijawahi kuanguka."

"Miaka kumi na minne hapakuwa na kitu juu yake ila masanduku. Mdogo wangu, mimi si mwoga na wala sitafuti ugomvi. Lakini sitasimama pale nikinyoosha shuka la mtu huku najua ninachokijua. Wewe kaa, sikulazimishi."

Mama akainuka. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumanne, mashine ilipoanza kupanda, mama mkubwa akatoka. Nikiwa dirishani nilimwona mama yangu akitokea mlangoni nyuma yake, pasi ikiwa bado mkononi na waya wake unaburuta. Alikuwa amesahau kuiacha. Safari ya pili wakatoka wanne. Ijumaa wakatoka wote, kumi na wawili, wakasimama uani kwenye safu kama wanaopigwa picha. Walioogopa walisimama nyuma, lakini walisimama.

Meneja akateremka mbiombio. "Mnagoma?"

"Hatugomi," mama mkubwa akasema. "Tunapiga pasi siku nzima, isipokuwa dakika hizi sita. Tena mbili umeshazimaliza kwa kuuliza."

Kuna aliyecheka kwa nyuma, na kicheko kile kilimuuma meneja kuliko kugoma. Akasema atamwita injinia tena Jumanne, mbele ya kila mtu, ili mambo haya yaishe, na atakayeonekana ni mchochezi ataondoka siku hiyohiyo. Alimtazama mmoja tu.

"Sawa," mama mkubwa akasema. "Ila Jumanne, siyo Alhamisi."

Jumamosi mchana alipitia gereji ya jirani, akaomba bledi butu za msumeno wa chuma, zile za kutupwa. Akarudi nazo sita. Mezani kwetu alizibana katikati ya vipande viwili vya mbao kwa skrubu, zikasimama wima kama meno ya kitana, lakini kila moja akaiacha itokeze kwa urefu wake: ya kwanza ndefu kuliko zote, ya mwisho fupi. Nilikaa kumsaidia kukaza skrubu.

"Iguse hiyo ndefu," akaniambia.

Nikaigusa. Ikayumba taratibu, huku na huku.

"Sasa fupi."

Ikatetemeka haraka mpaka sikuweza kuiona vizuri.

"Kila moja ina mwendo wake wa kuzaliwa nao. Ukizitikisa zote pamoja kwa kutikisa ubao, yule ambaye mwendo wake unalingana na wa mkono wako ndiye atakayeitika. Wengine wataguna tu. Kwa hiyo hatuhitaji mtu wa kutuambia sakafu ina hesabu gani. Tutaiuliza yenyewe."

Jumatatu wakati wa mapumziko ya chakula tulipanda juu wawili. Mashine ilikuwa imezimwa. Aliweka ubao wake sakafuni, katikati ya chumba, na mimi nikasukuma rundo zima la mashuka mazito yaliyolowa kutoka juu ya toroli. Likatua kwa kishindo. Bledi zote zilishtuka, lakini ya tatu ndiyo iliyobaki ikicheza, ikapungua polepole, ikanyamaza mwisho. Tukarudia mara nne. Ya tatu. Mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Mama mkubwa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na nikamwona akifuta macho kwa upande wa kitambaa. Nilimuuliza kama analia.

"Nimefurahi," akasema, "na nimekasirika pia. Miaka yote ile nilijua kwamba najua. Leo nimeona."

Jumanne injinia alikuja na begi. Meneja alipanda naye, na msimamizi, na mimi nikaitwa kuandika kumbukumbu. Mama mkubwa alikwisha kuwaambia wenzake wa chini wote wakae uani mpaka awaite, na walikaa.

Injinia alitoa glasi yake, akaijaza maji, akaiweka juu ya mashine tupu.

"Weka mablanketi," mama mkubwa akasema.

"Mashine ni ileile, mama yangu."

"Basi hutapoteza kitu."

Meneja akaitikia kwa kichwa. "Na uyapange wewe mwenyewe, Injinia," mama mkubwa akaongeza, "nisije nikarundika upande mmoja."

Injinia aliyapanga kwa uangalifu, lazima niseme ukweli. Alizunguka pipa mara mbili akiyasawazisha. Mama mkubwa aliweka ubao wake sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye mashine. Injinia aliutazama kama mtu anayetazama mdoli wa mtoto. Mashine ikafua, ikamwaga maji, akaizungusha kwenye tatu. Maji ya glasi yalitikisika kidogo. Akaipandisha tano, sakafu ikashtuka mara moja, ikatulia. Bledi ya mwisho kabisa iligunaguna.

"Umeona?" injinia akasema.

"Nimeona. Rudi nne."

Akarudisha nne. Kwa sekunde kumi hivi hakukuwa na kitu. Kisha bledi ya tatu ikaanza kuyumba, na nyingine zimesimama tuli kama askari. Ikayumba zaidi. Ikayumba mpaka ncha yake ikawa kama panga la feni. Sakafu ikanyanyua nyayo zetu, madirisha yakaanza kulia, na glasi ya injinia ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, ikaanguka, ikavunjika. Chini tukasikia kishindo cha kitu kizito.

Injinia akazima. Sakafu iliendelea kutetemeka kidogo, na ile bledi ya tatu ikaendelea kucheza, ikipungua.

"Mzigo haukukaa sawa," injinia akasema. Lakini sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Umeupanga wewe."

"Mablanketi yanajisogeza yakishalowa. Ni jambo la kawaida."

"Haswa," mama mkubwa akasema. "Yanajisogeza, kwa hiyo pipa linasukuma sakafu kila likizunguka. Linasukuma kwenye tatu, linasukuma kwenye tano, na sakafu haijali. Kwenye nne linasukuma kila mara sakafu inaporudi, na kila msukumo unajumlishwa na uliopita. Sasa nakuomba jambo moja. Shuka chini, simama chini ya boriti. Mimi nitawasha nne kwa dakika sita zilezile wanazosimama wadogo zangu. Ukitoka hapo unasema hakuna tatizo, natia sahihi ile barua na ninaondoka leo, bila neno."

Injinia alitazama ngazi. Akatazama sakafu.

"Sina haja ya kufanya hivyo."

"Haja unayo. Nia ndiyo huna."

Meneja akamgeukia. "Nenda basi, Injinia, tumalize."

Hakwenda. Akainama akajifanya anaokota vioo. Meneja akamsubiri, akaona hapati kitu, akasema kwa hasira atakwenda mwenyewe, na akashuka. Mashine ilikuwa imezimwa. Tulimsikia akivuka chumba cha pasi, kisha tukamsikia akisimama. Alikaa huko dakika nzima. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa vyeupe. Kipande cha plasta chenye ukubwa wa sinia kilikuwa kimeanguka kwenye meza ya nne, ya mama yangu, na pasi yake ilikuwa imelala chini imevunjika mpini. Alikuwa pia ameona alama za penseli ukutani, na siku zilizoandikwa kando.

"Hakuna kuiwasha tena," akasema.

Injinia alikuwa bado amechuchumaa. Alikuwa ameacha vioo, ameshika ule ubao. Aliigusa bledi ya tatu kwa kidole, akaitazama mpaka ilipotulia.

"Nani alikufundisha hii, mama?" Sikuwahi kumsikia akisema "mama" bila ya "yangu" kabla ya hapo.

"Nilikuwa nafagia," mama mkubwa akasema, na akashuka kuwaita wenzake waingie wachukue mikoba yao tu.

Katika wiki mbili zilizofuata mashine iliteremshwa. Mapokezi ya meneja yalivunjwa, viti vya kuzunguka vikahamia kwenye kibaraza, na mashine ikaketishwa kwenye zege nene juu ya mipira mizito. Boriti iliwekewa nguzo mbili za chuma. Mimi nilihamishiwa meza ndogo karibu na lango, ambako jua lilinipiga nusu ya siku, na sikulalamika.

Kisha ikaja barua ya pongezi. Niliipiga chapa tena mimi. Ilisema kwamba uongozi uligundua kasoro katika jengo, na kwamba mfanyakazi fulani alitoa ushirikiano mzuri. Meneja alimwita mama mkubwa, akampa kalamu, akiwa na tabasamu.

Aliisoma yote, polepole.

"Aliyegundua ni nani?" akauliza.

"Uongozi ni sisi sote, mama."

"Siku ya onyo haukuwa sisi sote. Ulikuwa mimi peke yangu."

Akaiacha mezani. Meneja alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeandika uongo ule. Nikatazama mashine yangu ya chapa. Barua ilipigwa mara tatu. Ya tatu ilisema kwamba mwendeshaji wa mashine aliripoti tatizo, akapuuzwa, akaonywa kimakosa, kisha akalithibitisha. Neno "akapuuzwa" meneja alilikataa kwa siku nne. Siku ya tano aliliacha libaki. Mama mkubwa akatia sahihi, akaomba barua ya onyo itolewe kwenye faili, akapewa. Hakuichana. Aliikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza yetu ya jikoni, uliokuwa mfupi.

Akarudi kwenye mashine yake. Mama yangu alipata pasi mpya na akaendelea kulalamika kwamba ni nzito kuliko ile ya zamani. Hakuwahi kumwambia dada yake kwamba alikuwa sahihi, lakini nilimsikia akimwambia mwanamke mpya kwenye meza ya saba, "Ukimwona yule anatoka, toka. Utauliza nje."

Kilichobaki ni chumba cha juu. Kilikuwa kikubwa, chenye madirisha pande mbili na upepo mzuri, na sasa kilikuwa kitupu. Wafanyakazi walikuwa wakila chakula chao uani, mvua ikinyesha wanakula wamesimama kwenye korido. Asubuhi moja tukakuta meza ya meneja imepandishwa juu, na kiti chake, na kabati la mafaili. Alisema ofisi yake ya zamani ina kelele za mashine.

Mchana mama mkubwa akapanda na chakula chake, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kula. Mama yangu akapanda. Kisha wengine, mmoja mmoja, na mimi nikafunga lango nikawafuata. Tulikuwa watu kumi na saba. Meneja alikuwa mezani kwake anaandika. Aliinua kichwa kila mtu mwingine alipoingia.

"Hapa ni ofisini," akasema mwishowe.

"Kwa nini?" mama mkubwa akauliza, bila ukali, akimsogezea jirani yake chumvi.

Meneja akaweka kalamu. Akatutazama sote, tunakula. Kisha akakusanya karatasi zake. Alhamisi vijana wawili waliishusha meza, na ile wiki iliyofuata tukaleta mabenchi.